Meli Iliyokataliwa Bandarini: Karantini na Ukarimu katika Pwani ya Kilwa

Mtu akisimama gatini Kilwa Masoko wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, anaweza kubahatika kuona meli ya kitalii imetia nanga mbali kidogo na pwani. Meli hizo hazifungi gatini. Abiria wake hushushwa kwa boti ndogo za mpira na kupelekwa moja kwa moja Kilwa Kisiwani, wakaone Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, kisha jioni nanga inang'olewa na safari inaendelea kwenda Unguja, Comoro au Msumbiji. Wengi wao ni wazee waliokwisha kustaafu, watu wa Ulaya na Marekani. Kwa siku moja hiyo kisiwa kinachangamka: waongoza wageni, wenye mashua, akina mama wenye mikeka na vikapu vya ukili, vijana wanaouza madafu. Meli si nyingi kwa msimu, na ndiyo sababu kila moja inahesabiwa.

Mwaka 2020 meli hizo zilikatika. Wakati huo nilikuwa nikitumika katika usharika mdogo wa wilaya ile, kabla ya kuitwa kufundisha historia ya Kanisa chuoni. Wakristo wa pale, kama msomaji anavyojua, ni wachache na wengi wetu ni wa kuja: watumishi wa serikali, wafanyabiashara kutoka Iringa, Njombe na Kilimanjaro, mafundi wa gesi ya Songo Songo. Majirani zetu ni Waislamu, wenyeji wa miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ninaandika habari ya bahari, karantini na wasafiri nikiwa nimeiona kutoka upande huo wa gati, na kwa sababu kuna jambo nililolifanya mwaka ule ambalo historia ya Kilwa yenyewe ilikuwa imeshanionya, kama ningekuwa nimeisoma vizuri.

Nianze na mwaka 1859. Richard Burton na John Speke walikuwa wamerudi kutoka bara, kutoka maziwa makuu, wakafika pwani ya Konduchi mapema Februari. Badala ya kuvuka kwenda Unguja kupumzika, waliagiza betela na tarehe 10 Februari wakatweka kuelekea kusini, kuitazama Kilwa. Walikuta kipindupindu. Ugonjwa ulikuwa umepita Arabuni, ukaingia Unguja na Pemba, na sasa ulikuwa unaimaliza miji ya pwani ya kusini. Burton ameeleza aliyoyaona Kilwa: maiti mabondeni, maiti ufukoni, na watu waliokufa wakiwa wameegemea ukuta wa forodha. Waliotupwa hivyo walikuwa hasa watumwa na maskini, kwa maana Kilwa Kivinje wakati huo ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa, na mtumwa aliyekufa hakuwa na mtu wa kumkafini wala kumzika.

Kisha ugonjwa ukapanda chomboni. Karibu mabaharia wote wa betela ile walikufa. Burton alitaka kuingia delta ya Rufiji lakini hakupata mtu wa kujaza nafasi zao, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuajiriwa kwenye chombo chenye tauni ndani yake. Hatimaye wakageuza tanga kurudi Unguja. Katika vitabu safari ile inakumbukwa kwa majina mawili, la Burton na la Speke. Mabaharia waliokufa hakuna anayewataja.

Nawaomba wasomaji walitazame jambo hilo kwa makini. Hapakuwa na amri ya serikali, hapakuwa na daktari wa bandari, hapakuwa na sheria ya siku 14. Watu wa Rufiji na Kilwa walijiwekea karantini wao wenyewe, kwa kukataa tu. Wala siwezi kuwalaumu. Aliyeona maiti zimeegemea ukuta wa forodha hahitaji kuelezwa na mtu kwa nini asipande betela.

Miaka 10 baadaye kipindupindu kilirudi. Daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alikifuatilia nyayo kwa nyayo na kuchapisha kitabu huko London mwaka 1876. Alionyesha kwamba safari hii hakikuja kwa bahari moja kwa moja. Kilipita njia za misafara ya bara, kikatokea Pangani, kikavuka Unguja mwishoni mwa 1869, na kutoka hapo majahazi yakakisambaza pwani nzima, Kilwa ikiwemo. Fundisho la Christie lilikuwa kwamba ugonjwa unasafiri na biashara. Ukitaka kujua kesho utakuwa wapi, uliza misafara inakwenda wapi. Kilwa, mji ulioishi kwa kupokea vyombo, haikuwa na namna ya kujificha.

Neno lenyewe karantini limetokana na hesabu ya siku 40. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, ulitunga sheria kwamba wanaotoka mahali penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa 40, na Venice mwaka 1423 ikajenga hospitali ya kutengea wagonjwa katika kisiwa kilichokuwa na kanisa la Mariamu wa Nazareti. Nyumba za aina hiyo zikaja kuitwa lazareti, jina ambalo wengine wanalifungamanisha na Nazareti hiyo na wengine na Lazaro, yule maskini mwenye vidonda aliyelazwa mlangoni pa tajiri katika Luka 16. Siku 40 nazo Mkristo hawezi kuzisikia bila kukumbuka jangwa la Bwana wetu. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa watu wa fedha, lakini walipotafuta idadi ya siku na jina la nyumba, walitoa vyote kanisani.

Kwa pwani yetu lazareti mashuhuri ni Changuu, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja. Katika miaka ya 1890 Lloyd Mathews, waziri wa Sultani, alijenga huko jengo la gereza ambalo halikupata kutumika kwa kazi hiyo. Kikawa kituo cha karantini. Vyombo vilivyoshukiwa vilishusha abiria wao pale, wakakaa mpaka daktari aridhike. Leo watalii, wale wale wa meli za kitalii, huvuka kwenda Changuu kupiga picha na kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Wanatembea juu ya vibaraza walivyokuwa wakikaa abiria waliozuiwa, na sina hakika kama wengi wao wanaambiwa. Vivyo hivyo mahujaji waliopanda kutoka Bahari ya Hindi kwenda Makka walizuiwa katika kisiwa cha Kamaran, ndani ya Bahari ya Shamu, tangu mwaka 1882. Kukaa kisiwani ukisubiri kuruhusiwa ni jambo ambalo watu wa pwani walilijua zamani kabla ya sisi wa bara.

Sasa nije mwaka 2020. Mwanzoni mwa Februari meli ya Diamond Princess iliwekwa chini ya karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa. Ulimwengu mzima ulitazama kwenye televisheni watu waliolipia starehe wakiwa wamefungiwa vyumbani, na wahudumu, wengi wao kutoka nchi maskini, wakiendelea kuwapelekea chakula mlango kwa mlango. Kuanzia hapo kila meli ya abiria ikawa inashukiwa. Westerdam, ambayo haikuwa na mgonjwa aliyethibitishwa, ilikataliwa Japani, Taiwan, Ufilipino, Guam na Thailand. Ilizunguka baharini karibu wiki mbili mpaka Kambodia ilipoipokea Sihanoukville tarehe 13 Februari. Mwezi uliofuata Zaandam ilipanda pwani ya Amerika ya Kusini ikikataliwa bandari baada ya bandari, huku watu 4 wakifa ndani yake, mpaka ilipopata ruhusa ya kufunga Florida tarehe 2 Aprili.

Hata katika bahari yetu yalitokea. Meli ya Sun Princess ilikataliwa Madagaska katikati ya Februari, na ilipofika kisiwa cha Réunion tarehe 1 Machi wenyeji walikusanyika bandarini kuwazuia abiria wasishuke, mpaka polisi wakaingilia kati kwa nguvu. Shelisheli ikafunga mlango kwa meli za kitalii, tena si kwa mwezi mmoja au miwili. Ilitangaza kuzifungia hadi mwisho wa 2021. Afrika ya Kusini ikazuia abiria wa meli kushuka. Cape Town meli ya AIDAmira ilizuiliwa na abiria wake.

Hapa ndipo msomaji wa Kilwa anapaswa kuelewa namna meli za kitalii zinavyofanya kazi, kwa sababu hazifanani na jahazi. Nahodha wa jahazi akikuta bandari imefungwa atatafuta hori lingine, atasubiri upepo, atauza mzigo mahali pengine. Meli ya kitalii ni mnyororo. Tiketi imeuzwa mwaka mzima kabla, na ndani yake kuna Mahé, Unguja, Kilwa, Comoro, Nosy Be, Durban. Abiria wanapandia bandari moja na kushukia nyingine, ambako ndege inawasubiri. Ukikata pete moja katikati, labda nahodha ataruka kisiwa hicho. Ukikata ya kwanza na ya mwisho, safari nzima haipo. Serikali yetu ilisimamisha ndege za kimataifa Aprili 2020, na tarehe 18 Mei ikazifungulia tena na kuondoa karantini ya siku 14 kwa wageni. Watalii wa ndege walianza kurudi Unguja taratibu. Lakini meli hazikuja Kilwa, hata mlango wetu ulipokuwa wazi kabisa, kwa sababu milango iliyofungwa ilikuwa ya Shelisheli, Madagaska na Durban. Riziki ya mama mwenye vikapu Kilwa Kisiwani iliamuliwa mahali ambapo hata jina lake hakulijua.

Mzee mmoja nahodha, mwenye mashua ya kuvusha watu, aliniambia kwa maneno machache. Nilimsalimu, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia, "Marahaba, mchungaji. Umekuja kuangalia bahari? Bahari ipo, wageni hawapo." Nikamwambia wageni watarudi Mungu akipenda. Akasema, "Inshallah. Lakini mashua haili inshallah, inakula mafuta." Sikuwa na jibu. Alikuwa na umri wa kunizaa, na alikuwa ameshaona Kilwa ikisahauliwa na kukumbukwa mara nyingi. Mwaka 2004 magofu yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Watu wa pale walikuwa wameanza kuamini kwamba zamu yao imefika.

Mashirika ya meli yalipoteza fedha nyingi na magazeti yaliandika habari hiyo kwa urefu. Abiria walirudishiwa nauli, au walipewa ahadi ya safari nyingine. Waliosahaulika katikati ni mabaharia. Abiria waliposhushwa, wao walibaki. Nchi hazikuwaruhusu kushuka, ndege za kuwarudisha kwao hazikuwepo, na mikataba ya wengi ilikwisha wakiwa bado baharini. Kufikia mwisho wa 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria mabaharia 400,000 wamekwama vyomboni duniani, wa meli za mizigo na wa abiria.

Mmoja wa hao waliokwama alikuwa wa usharika wetu.

Kijana huyo alibatizwa na kukulia pale, mama yake ni mjumbe wa kwaya ya akina mama. Alikwenda Unguja kufanya kazi hotelini, akajua kupika, na kupitia wakala mmoja akapata ajira katika jiko la meli ya kitalii. Machi 2020 abiria wa meli yake walishushwa, naye akakaa ndani ya meli miezi karibu mitano, wakizunguka na kutia nanga nje ya bandari za watu. Alipofika Dar es Salaam Agosti alikuwa amepimwa mara nne. Akapanda basi, akashuka Nangurukuru usiku, akafika nyumbani kwa bodaboda.

Kumbukeni hali ilivyokuwa Agosti ile. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Shule zikafungwa siku iliyofuata. Tarehe 29 Aprili hesabu ya wagonjwa ilifika 509 na vifo 21, na baada ya hapo hesabu za taifa hazikutangazwa tena kwa muda mrefu. Tulikuwa na siku 3 za maombi mwezi Aprili, na mwezi Juni tukaambiwa ugonjwa umeondoka. Makanisa hayakufungwa. Ndoo za maji tiririka zilibaki mlangoni, nyungu zilichemshwa majumbani, lakini barakoa zilianza kuonekana kama ukosefu wa imani. Kwa maneno mengine, rasmi hapakuwa na ugonjwa. Na hata hivyo kijana alipofika kutoka kwenye meli, mtaa mzima ulimkimbia. Tulisema corona haipo, na tukamwogopa mtu mmoja kwa ajili ya corona. Mpaka leo sijui kama tulikuwa waongo katika lile la kwanza au katika hili la pili.

Wazee wa kanisa walinijia Jumamosi. Waliomba nimwambie asije ibadani. Nilikwenda hadi kwa jirani, nikampigia simu mama yake nikiwa pale pale, hatua 50 kutoka mlangoni kwake, nikamshauri kijana akae kwenye kibanda cha shambani siku 14. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Mlawi 13 inamweka mtu kando siku 7 na kumtazama tena. Ragusa waliweka siku 30. Madaktari wetu walisema 14. Kosa langu lilikuwa kwamba sikwenda kumwona. Siku 14 zile alipelekewa chakula na mama yake na, siku kadhaa, na yule mzee nahodha Mwislamu, ambaye alimwachia samaki juu ya kisiki akarudi nyuma hatua chache wakazungumza kwa sauti. Nilipata habari hiyo baadaye kutoka kwa mama. "Baba mchungaji," alisema, "mzee alikuwa anakaa mbali kama alivyoagiza daktari, lakini alikuwa anakaa." Halafu akaendelea kuchambua mchele. Hakulia, wala hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Katika darasa la historia ya Kanisa huwa tunasoma barua ya Martin Luther ya mwaka 1527 kwa Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo anaweza kukimbia tauni. Mwaka huo tauni iliingia Wittenberg kiangazi. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala akamwagiza Luther aondoke pia. Alibaki, pamoja na mchungaji Bugenhagen, ingawa mkewe Katharina alikuwa mjamzito na nyumba yao iligeuka kuwa kama hospitali. Tumezoea kumsifu kwa ushujaa huo. Barua yenyewe, hata hivyo, ni ya mtu mwenye hesabu. Anaruhusu kukimbia, mradi jirani asiachwe bila wa kumhudumia. Wenye wajibu, wahubiri, mahakimu, waganga, hawana ruhusa hiyo. Anawakemea wanaodharau dawa kwa kusema imani inatosha, na anawakemea vikali wanaojua wana ugonjwa wakajichanganya na watu kwa siri. Mtu asiyehitajika mahali penye ugonjwa asiende. Anayehitajika aende. Anashauri hata kufukiza nyumba na uwanja. Nilipokuwa nikifundisha sehemu hiyo mwaka jana mwanafunzi mmoja kutoka Songea aliuliza kama Luther naye alijifukiza nyungu, na darasa zima likacheka mpaka nikaahirisha kipindi.

Nilikuwa nimeifundisha barua hiyo katika semina za wainjilisti miaka kadhaa kabla ya Agosti 2020. Nilijua vizuri kabisa kwamba Luther anatofautisha kumtenga mtu na kumtupa. Hatua zile 50 nilizosimama mbali hazikuwa dhambi, nadhani. Simu ile niliyoipiga kutoka kwa jirani, ambayo baada yake sikupiga tena, hiyo ndiyo ninayojibu kwayo.

Kuna sura nyingine ninayoirudia, ya Matendo 27 na 28. Watu 276 wamo katika meli ya nafaka, inavunjika, wanafika Malta wamelowa. Wenyeji, ambao Luka anawaita watu wasiojua Kiyunani, wanawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hawaulizi wametoka bandari gani. Tunapohubiri sura hii tunakwenda haraka kwa yule nyoka, kwa sababu nyoka ananoga mimbarani. Mimi huona sasa jambo jingine. Katika habari hii ugonjwa haukuwa ndani ya meli. Ulikuwa kisiwani: baba yake Publio alikuwa amelala na homa na kuhara damu, na aliyeingia chumbani kwake akamwekea mikono alikuwa mfungwa aliyetoka baharini. Baada ya miezi 3 wageni waliondoka kwa meli ya Iskanderia, na wenyeji wakawapakilia mahitaji ya safari. Kama kisiwa kile kingewasukuma majini kwa hofu, ambayo ingekuwa hofu ya haki kabisa, Publio angekosa mponyaji wa baba yake.

Simaanishi kwamba bandari ifungue mlango kwa kila chombo bila kuuliza. Kanuni za Kimataifa za Afya zilizoanza kutumika 2007 zinataka meli isizuiwe kufika bandarini kwa sababu ya ugonjwa peke yake, lakini zinaruhusu kuikagua, kuipima, kuielekeza bandari nyingine yenye uwezo. Hata bendera ya manjano, ambayo zamani iliwatia watu hofu baharini, maana yake leo imegeuka: meli ikiipandisha inasema watu wangu ni wazima, naomba ruhusa ya kuingia. Mwaka 2020 nchi nyingi zilizotia sahihi kanuni hizo hazikuzifuata. Nchi maskini kama Kambodia ilizifuata pale ambapo nchi tajiri zilishindwa. Kilwa haikujaribiwa; hakuna meli iliyopandisha bendera mbele ya gati letu. Mara nyingi nimejiuliza tungefanya nini. Mji huu una sababu ya kuogopa meli. Mwaka 1505 zilikuja za Francisco de Almeida, nazo zikauteka na kuupora. Lakini mji huu pia ulimpokea Ibn Battuta mwaka 1331, naye aliusifu ukarimu wa sultani wake, Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Baba wa Zawadi. Mambo yote mawili yamo katika mawe yale yale ambayo watalii huja kuyapiga picha.

Meli zimerudi. Misimu hii ya karibuni zimekuwa zikija tena, na mamlaka ya wanyamapori, TAWA, ambayo ndiyo yenye dhamana ya magofu siku hizi, huwapokea wageni kwa ngoma. Mzee nahodha amepata mashine mpya ya mashua, au tuseme mpya kwake. Nilipopita Kilwa mwaka jana kwa ajili ya semina nilimkuta gatini, akanivusha na kukataa nauli. Tulipokuwa katikati ya mkondo nilimweleza habari ya kibanda cha shambani, kwamba nilijua alikwenda na mimi sikwenda. Alinyamaza kidogo, akatazama maji. "Mchungaji," akasema, "wewe ulikuwa na watu wengi wa kuogopa. Mimi nilikuwa na samaki wengi, na hapakuwa na mgeni wa kuwanunua."

Kijana naye alirudi baharini mwaka 2022. Kabla ya kuondoka alikuja nyumbani kuombewa, na nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Alisema yameisha, kwa haraka ya vijana, na kuniuliza kama naweza kumwangalizia shamba lake la mikorosho. Mama hunitumia ujumbe kila anapopiga simu, kunijulisha yuko bandari gani. Wiki ninayoandika haya amezuiwa nje ya bandari moja kwa siku 2, hawajaruhusiwa kuingia. Nilishtuka, nikapiga simu kuuliza kuna ugonjwa gani tena. Mama akacheka. Alisema ni upepo tu.